Kidonda Kupona Si Ugonjwa Kuisha: Jibu kwa Mama Mjamzito wa Lindi Kuhusu Kaswende

"Daktari, nina ujauzito wa wiki 18 na ninaishi Lindi mjini. Wiki iliyopita nilipimwa kliniki nikaambiwa nina kaswende, nikaandikiwa sindano ya penisilini, nami sijawahi kuona kidonda wala kusikia muwasho. Mume wangu anasema nimeuleta mimi. Shangazi yake anasema ni tego, na kwamba mtu mwenye tego akichomwa sindano anaharibikiwa, hivyo niende kwanza kwa mganga. Bibi yangu wa Newala anasema huo si ugonjwa wa zinaa bali ni buba ya zamani; yeye aliipata utotoni, akachomwa sindano, ikaisha. Mjomba anasema uliletwa na Wareno Kilwa. Dukani wananiambia ninywe doksi. Ugonjwa huu umetoka wapi hasa, zamani ulitibiwaje, na mimi nimfuate nani? Dada yangu naye alitibiwa miaka mitano iliyopita, lakini kila akipimwa bado unaonekana."

Dada yangu, nitajibu kila ulichouliza, lakini moja halisubiri: sindano ya penisilini uliyoandikiwa kliniki, nenda ukachomwe kesho asubuhi. Haya mengine unaweza kuyasoma ukiwa kwenye benchi la kusubiri. Vimelea vya kaswende hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto, kwa hiyo kila wiki inayoliwa na mabishano ya nyumbani inatolewa kwenye muda wa mtoto wako.

Umezungukwa na watu watano, na kila mmoja ana maelezo yake. Sitawadharau, kwa sababu karibu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na kwa sababu madaktari wa Ulaya nao walibishana vivyo hivyo kwa miaka mia nne. Kilichowapoteza wao ndicho kinachowapoteza watu wa nyumbani kwako. Kaswende ina tabia ya kujificha yenyewe bila kuguswa na dawa yoyote, na yeyote aliyekuwa karibu na mgonjwa wakati ilipojificha huhesabiwa kuwa ndiye aliyemponya.

Ugonjwa huu husababishwa na bakteria aitwaye Treponema pallidum, mwembamba kama uzi na aliyejisokota kama parafujo, ambaye darubini ya kawaida ya zahanati haimwoni. Anaingia kupitia mchubuko mdogo wakati wa kujamiiana, na baada ya wiki tatu hivi, ingawa inaweza kuwa siku 10 au hata 90, hutokea kidonda kigumu pembeni, safi, kisichouma. Kwa mwanamume huonekana. Kwa mwanamke mara nyingi hukaa ndani ya uke au kwenye mlango wa kizazi, mahali ambapo hawezi kukiona wala kukihisi. Kidonda hicho hufunga chenyewe baada ya wiki tatu hadi sita, bila dawa. Wiki au miezi kadhaa baadaye vinaweza kuja vipele vya mwili mzima, hata kwenye viganja na nyayo, pamoja na homa ndogo, mitoki, au nywele kudondoka mafungumafungu. Navyo hutoweka vyenyewe. Kisha hufuata ukimya unaoweza kudumu miaka mingi. Wewe umekutwa katika ukimya huo, ndiyo maana huna la kuonyesha. Muwasho uliokuwa ukiutarajia ni dalili ya magonjwa mengine, si ya kaswende.

Ukimya huo haumaanishi usalama. Kati ya mwaka 1891 na 1910, daktari Caesar Boeck wa Oslo aliwanyima wagonjwa wake zebaki, iliyokuwa dawa ya wakati ule, kwa kuwa aliamini inadhuru kuliko kusaidia. Wagonjwa hao walikuwa karibu 2,000, na wengi wao walifuatiliwa kwa miongo kadhaa. Takriban theluthi moja walikuja kupata madhara ya baadaye: uvimbe unaokula ngozi na mifupa, mshipa mkuu wa moyo kutanuka, ubongo na uti wa mgongo kuharibika. Theluthi mbili waliobaki hawakufika huko. Fikiria sasa mganga yeyote wa dunia hii, mwenye mzizi au mwenye zebaki: kila kidonda alichokigusa kilifunga, na wengi wa wateja wake hawakurudi wakilalamika. Angewezaje kujua kwamba dawa yake haikufanya kitu?

Hapo ndipo ninapomjibu shangazi. Wazee wa pwani walioona kwamba mtu huugua sehemu za siri baada ya kulala na mke au mume wa mwingine waliona jambo la kweli. Njia ya maambukizi waliigundua kwa macho, wakaipa jina la tego. Lakini mganga anayeondoa tego anasifiwa kwa kidonda ambacho kingefunga hata kama mgonjwa angekaa nyumbani. Na hilo la sindano kumharibu mwenye tego, nadhani najua lilikotoka. Penisilini inapoua vimelea vingi kwa mkupuo, mabaki yao husisimua mwili, na ndani ya saa 24 mgonjwa anaweza kupata homa, kutetemeka, kuumwa kichwa na misuli. Mtu aliyeambiwa kwamba sindano itapambana na tego, akishikwa na homa usiku uleule, ataamini bila shaka. Hali hiyo hupita yenyewe ndani ya siku moja. Kwa mjamzito inaweza kuleta pia maumivu ya tumbo kama ya uchungu, kwa hiyo ukiyapata, au ukiona mtoto amepunguza kucheza, rudi kituoni siku hiyohiyo. Usiikimbie sindano kwa sababu hiyo. Hatari ya kutotibiwa ni kubwa zaidi sana.

Ukubwa wake umepimwa hapahapa Tanzania. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba miongoni mwa wajawazito wenye kaswende hai, yenye kipimo cha juu, ambao hawakutibiwa, takriban mmoja kati ya wanne alijifungua mtoto mfu. Watafiti haohao waliwafuatilia wajawazito waliochomwa dozi moja ya penisilini, na matokeo ya uzazi wao yakawa sawa na ya wanawake wasio na kaswende kabisa. Katika kazi yangu ni mara chache nimekutana na dawa ya bei ndogo kiasi hiki inayobadilisha mambo kiasi hiki.

Sasa bibi. Bibi yako wa Newala anasema kweli kuhusu yaliyompata. Buba ni ndugu wa damu wa kaswende: vimelea vyake vinafanana kiasi kwamba huwezi kuvitofautisha kwa darubini, na vipimo vya damu vya kliniki haviwezi kusema hiki ni cha buba au cha kaswende. Tofauti iko katika mwenendo. Buba huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, hasa watoto wa vijijini wenye michubuko miguuni, na si ugonjwa wa kujamiiana. Huku kusini ilikuwa balaa kubwa. Katika miaka ya 1920, zahanati za wamisionari wa Kianglikana upande wa Masasi zilijaa watu waliotembea mwendo mrefu kufuata sindano ya buba, na imani ya wazee wetu katika sindano ilipata nguvu pale, walipoona vidonda vya miaka vikikauka kwa siku chache. Baadaye, kuanzia mwaka 1952 hadi 1964, Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni katika nchi 46, wakatibu watu takriban milioni 50 kwa penisilini. Ikiwa bibi alichomwa sindano miaka ya 1950 au 1960, inaelekea sana kwamba dawa yake ni jamaa wa hii unayoikimbia wewe.

Lakini umri wako si wa bibi. Hukukua katika wakati ambapo kila mtoto wa kijiji alikuwa na buba, na huna kumbukumbu wala makovu yake. Mjamzito mwenye kipimo kama chako hutibiwa kama mwenye kaswende, kwa sababu tukikosea kwa kukutibu utakuwa umepata maumivu ya makalio, na tukikosea kwa kukuacha tunaweza kumpoteza mtoto. Huenda pia umesikia kwamba siku hizi buba hutibiwa kwa kumeza azithromaisini mara moja. Ni kweli kwa buba. Kwa kaswende ya mjamzito haifai, kwa kuwa haimkingi mtoto vya kutosha, na aina nyingi za vimelea vya kaswende zimeshakuwa sugu kwake.

Mjomba na Wareno wake wa Kilwa wanastahili jibu refu kidogo, maana hapo ndipo lilipo swali lako la asili. Mlipuko wa kwanza wa kaswende ulioandikwa wazi ulitokea Italia mwaka 1495, baada ya jeshi la mfalme Charles wa Nane wa Ufaransa kuingia mji wa Naples. Jeshi lile lilikuwa la mamluki wa mataifa mengi, na lilipovunjika kila mmoja alirudi kwao na ugonjwa wake. Ulikuwa mkali kuliko tunaoujua leo, wenye majipu mwili mzima na vifo vya haraka. Waitalia wakauita ugonjwa wa Kifaransa, Wafaransa wakauita ugonjwa wa Naples, Warusi wakautupia Wapoland, Waturuki wakauita ugonjwa wa Wakristo. India, ulikofika pamoja na meli za Wareno, uliitwa ugonjwa wa Firangi, yaani wa Mzungu. Jina la kitabibu linalotumika Ulaya, syphilis, lilitoka katika shairi la daktari Girolamo Fracastoro wa Verona, lililochapwa mwaka 1530, kuhusu mchungaji aitwaye Syphilus aliyeadhibiwa na mungu jua.

Kabla ya hapo ulitoka wapi? Wapo wanaoshikilia kwamba mabaharia wa Christopher Columbus waliuchukua Amerika na kurudi nao Uhispania mwaka 1493, na wapo wanaosema ulikuwapo Ulaya tangu zamani ukichanganywa na ukoma. Siku hizi wataalamu wanaweza kusoma chembe za urithi za bakteria zilizobaki ndani ya mifupa ya kale. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 kutoka mifupa ya Meksiko, Peru, Chile na Ajentina yanaonyesha kwamba ukoo huu wa vimelea ulikuwa umeshatawanyika Amerika kabla ya Columbus kufika huko, jambo lililoipa nguvu hoja ya kwanza. Mabishano hayajafungwa, ila mizani imeelemea upande mmoja.

Vasco da Gama alipita pwani yetu mwaka 1498, akafika Kilwa mwaka 1502, na mwaka 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kiliuvamia mji huo. Meli hizo zilitoka katika nchi ambamo kaswende ilikuwa imeshaenea, kwa hiyo mjomba hasemi jambo lisilowezekana. Tatizo ni matumizi ya maelezo hayo. Kila taifa lililomtaja jirani yake lilifanya hivyo ili lijitoe, nayo maambukizi yakaendelea majumbani mwao. Mreno wa mwaka 1502 hakusaidii kujua nani wa nyumbani kwako anahitaji sindano.

Tiba za zamani nitakueleza kwa sababu zinafundisha thamani ya hii uliyopewa. Zebaki ilianza kutumika mara tu baada ya mlipuko wa Naples, kwa kuwa tayari ilikuwa dawa ya ngozi. Ilipakwa mwilini, ikanywewa, au mgonjwa alifungiwa katika sanduku akafukizwa kwa mvuke wake. Mate yalimtiririka kwa wingi, meno yakalegea na kung'oka, fizi zikaoza, figo zikaharibika, na madaktari walihesabu mate yale kuwa sumu inayotoka. Matajiri walinunua pia magome na magogo ya mti wa guayaki kutoka visiwa vya Karibi, wakachemsha na kunywa, wakatoka jasho. Hata kisonono na kaswende vilidhaniwa kuwa ugonjwa mmoja mpaka Philippe Ricord wa Paris alipovitenganisha mwaka 1838.

Mwanga ulikuja Berlin mwaka 1905, Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann walipomwona bakteria mwenyewe. Mwaka uliofuata August von Wassermann akatoa kipimo cha damu, na kwa mara ya kwanza ukimya ukaweza kusikika: mtu asiye na dalili aliweza kuambiwa kwamba anaumwa, kama ulivyoambiwa wewe. Mwaka 1909, katika maabara ya Paul Ehrlich huko Frankfurt, mtafiti wa Kijapani Sahachiro Hata aliona kwamba dawa namba 606, yenye aseniki ndani yake, iliponya sungura wenye kaswende. Ilianza kuuzwa mwaka 1910 kwa jina la Salvarsan. Ilikuwa bora kuliko zebaki, lakini ilikuwa kali, na ilihitaji sindano nyingi kwa miezi.

Wagonjwa ambao ubongo wao ulikwisha kushambuliwa walikuwa hawana tumaini kabisa, mpaka Julius Wagner-Jauregg wa Vienna alipowaambukiza malaria kwa makusudi mwaka 1917, ili homa kali iwaue vimelea, kisha akaitibu malaria kwa kwinini. Baadhi walipata nafuu na baadhi walikufa, na mwaka 1927 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa sisi tunaozika watoto kwa malaria ni jambo gumu hata kulisoma. Ndivyo hali ilivyokuwa mbaya kabla ya mwaka 1943, John Mahoney alipowatibu wagonjwa wanne wa kaswende kwa penisilini huko New York, wakapona.

Kuna habari nyingine ambayo huenda umeisikia na ikakutia hofu ya kutumiwa kwa majaribio. Kuanzia mwaka 1932, huko Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende ili kuona itawafanya nini, ikawadanganya kwamba wanatibiwa, na penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ikawanyima. Iliendelea hadi mwaka 1972. Wake zao waliambukizwa, na watoto walizaliwa na ugonjwa. Hofu inayotokana na habari hiyo naielewa na ninaiheshimu, lakini angalia dhuluma yenyewe ilikuwa nini: ilikuwa kunyimwa sindano hii.

Turudi kwako. Penisilini huharibu ukuta wa bakteria anapojigawa, na bakteria wa kaswende hujigawa taratibu sana, mara moja kwa saa 30 hivi, wakati wengine wengi hujigawa kwa dakika. Ndiyo maana unachomwa benzathini penisilini, aina nzito inayokaa kwenye msuli na kutoka kidogokidogo kwa wiki kadhaa, na ndiyo maana inauma. Dozi ni yuniti milioni 2.4, kwa kawaida zikigawanywa makalio yote mawili. Aliyeambukizwa karibuni hutosheka na dozi moja. Asiyejua ameambukizwa lini, na nadhani wewe ni miongoni mwao, huhitaji dozi tatu, moja kila wiki, bila kuruka. Ili mtoto akingwe vizuri, matibabu yafanyike angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Wewe bado una nafasi nzuri.

Doksi ya dukani, yaani doksisaiklini, usiinywe. Kwa mtu asiye mjamzito mwenye mzio wa penisilini ni dawa inayokubalika, kwa siku 14 au 30 kulingana na hatua ya ugonjwa, lakini mjamzito hapaswi kuitumia, kwani inaweza kudhuru meno na mifupa ya mtoto. Kama uliwahi kuvimba uso, kubanwa pumzi au kutokwa vipele baada ya penisilini, mwambie mhudumu kabla hajachoma. Hapo utahitaji hospitali kubwa, ambako mwili huzoeshwa dawa hiyo taratibu chini ya uangalizi, kwa sababu kwa mtoto aliye tumboni hakuna mbadala wa kuaminika.

Mume wako anahitaji kusikia jambo hili kutoka kwa mhudumu, si kutoka kwako peke yako, kwa hiyo nenda naye. Kipimo kinasema damu imekutana na vimelea. Hakisemi tarehe, na hakimtaji aliyeleta. Maambukizi yanaweza kuwa ya kabla ya ndoa yenu, kwako au kwake, na kaswende iliyonyamaza kwa miaka bado huweza kuvuka kwenda kwa mtoto. Hata yeye akipimwa asikutwe na kitu, huenda bado yumo katika wiki za mwanzo ambazo kipimo hakijaona. Atibiwe naye, na msikutane kimwili mpaka wote mmalize dawa na siku saba zipite, la sivyo mtaambukizana upya. Kupona kaswende hakumpi mtu kinga. Hakikisheni pia kwamba nyote mmepimwa virusi vya UKIMWI.

Dada yako asiogope, ila asipuuze. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidole, hutafuta kingamwili ambazo kwa wengi hubaki mwilini maisha yote, hata baada ya kupona. Bibi wa Newala naye akipimwa leo anaweza kukutwa nazo. Kipimo kingine, kiitwacho RPR, hutoa namba inayopanda ugonjwa ukiwa hai na kushuka baada ya tiba. Aombe hicho, na alinganishe na namba ya zamani kama bado anayo. Ikiwa imeshuka mara nne au zaidi, kwa mfano kutoka 1:32 hadi 1:8, dawa ilifanya kazi. Ikiwa imepanda tena mara nne, ameambukizwa upya au hakupona, na atibiwe.

Usingoje siku ya kliniki ukiona kizunguzungu kisichoisha, macho kufifia, masikio kuziba ghafla, kichwa kikali, au udhaifu wa mguu au mkono. Hizo zaweza kuwa dalili za kaswende kwenye mfumo wa fahamu. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine hapo mjini kwenu, au kama utakuwa safarini Mtwara nenda Ligula. Kwa walio bara, Nyangao na Ndanda ziko karibu zaidi.

Kila unapochomwa, hakikisha tarehe na dozi vimeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Siku ya kujifungua mwonyeshe mkunga ukurasa huo kabla ya mambo mengine, kwa kuwa mtoto wako atachunguzwa kulingana na tarehe hizo, na akionekana kuhitaji dawa ataanzishiwa penisilini yake kabla hamjaruhusiwa kurudi nyumbani.